Saba Isiyo na Sita

Karata zinataka mkeka mkavu. Hilo ndilo la kwanza, na ukilidharau usiendelee kusoma. Karata iliyolowa inavimba kama mguu wa mjamzito, inashikana na mwenzake, na ukiivuta inaacha ngozi.

Mjukuu wangu ndiye aliyenipa hii kaye, daftari lake la shule, niandike. Alisema, "Bibi, mchezo wa Babu uko kwenye kichwa chako na chake tu, na nyinyi ni wazee." Hana adabu, lakini akili anayo. Ni wa kwanza darasani kwenye hesabu, na aliyemfundisha kujumlisha si mwalimu, ni mimi, kwa karata hizi hizi, kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi shule niliishia mwaka wa pili. Mkono wangu unaandika polepole, lakini unafika.

Basi toa majokari mawili, uwape watoto wachezee. Zinabaki hamsini na mbili. Zichanganye vizuri, usifanye haraka kama mtu anayeosha vikombe vya wageni waliokwisha kuondoka. Weka karata moja juu kabisa ya mkeka, peke yake. Chini yake weka mbili, zikanyage pembe zake za chini. Chini ya hizo mbili weka tatu, nazo zikanyage zile mbili. Endelea hivyo mpaka mstari wa saba, wenye karata saba. Zote zinatazama juu. Ukimaliza utaona umbo kama paa la nyumba ukisimama mbele yake. Ndiyo maana mzee wangu, yaani huyo Babu, akikaa mkekani husema, "Najenga nyumba." Zikitoka zote husema, "Nimebomoa." Zikimshinda hasemi kitu, anasimama na kwenda zake, na karata anaziacha hapo kama mtoto anavyoacha sahani.

Zinatoka mbili mbili, zile zinazofanya kumi na tatu. Kila karata ina mwenzake wa ndoa. Ree, ambayo ni moja, anatoka na malkia, ambaye ni kumi na mbili. Mbili anatoka na yule askari, ambaye ni kumi na moja. Tatu na kumi. Nne na tisa. Tano na nane. Sita na saba. Mfalme ni kumi na tatu peke yake, anatoka bila kuoa, kama padri. Rangi hazina maneno. Kopa anaweza kuoa shupaza, hatuna ukabila hapo.

Karata iliyokanyagwa haiguswi. Ngoja mpaka zile mbili zinazoikanyaga zitoke. Hata kama mwenzake ndiye anayemkanyaga, hawatoki, umekwama. Hapo ndipo watu wengi wanapoiba, na mzee wangu alikuwa haibi.

Zile ishirini na nne zilizobaki unazishika mkononi kifudifudi, unafunua moja moja. Ikipata mwenzake kwenye nyumba, zitoke. Isipopata, iweke pembeni ingoje. Ile iliyo juu kwenye fungu la pembeni bado inaweza kuolewa, na nyumba au na inayofunuliwa baada yake. Zikiisha mkononi unageuza fungu, unaanza tena. Mara tatu, basi. Na kwetu kubomoa nyumba hakutoshi: isibaki karata hata moja, mkekani wala mkononi. Kuna watu wanaridhika nyumba ikiisha tu. Huo ni uvivu.

Wazee wa kanisa walimjia mzee wangu mara moja juu ya karata. Aliwaambia, "Sichezi na mtu, sichezi pesa. Najenga, nabomoa. Hata Nuhu alikuwa na kazi ya mikono." Sijui Nuhu aliingiaje, lakini waliondoka.

Mchezo huu aliupata Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi. Jirani yetu kule alikuwa Mkongomani, fundi wa baiskeli, na siku mvua inaponyesha, kazi hakuna, alikuwa akijenga na kubomoa mlangoni pake. Mzee wangu alisimama nyuma yake msimu mzima kabla ya kuuliza. Yule fundi alipohama kambi alimwachia karata, ndizo hizi.

Mzee wangu alitoka Rumonge, kwetu Burundi kando ya ziwa, akiwa kijana, mbio, na kiatu kimoja. Kile kingine kilibaki kwenye tope na hakurudi kukichukua. Kile kimoja anacho mpaka leo, amekifunga kwenye kitambaa. Basi ulipofika wakati wa watu kujiandikisha kurudi Burundi, alikataa. Nilimwambia, "Watoto hawajui hata rangi ya ziwa." Akasema, "Watalijua kwa kusimuliwa." Nikamwambia, "Mimi nimechoka kuazima nchi." Tuligombana mpaka majirani wakazoea. Mwishoni akasema, "Mama, usinichoshe. Siku nyumba hii ikibomoka yote, isibaki karata, nitajiandikisha."

Tulipanda maharagwe. Tukala majani yake. Tukala maharagwe yenyewe. Halafu asubuhi moja nikamsikia anasema, "Nimebomoa." Alisimama, akavaa shati la kanisani, akaenda kujiandikisha. Hakunitazama, lakini alikwenda. Huyo ndiye mume wangu. Neno lake ukilipata umepata ng'ombe.

Tulirudi Rumonge. Matofali ya nyumba yetu, hatua chache kutoka ziwani, aliyafyatua mwenyewe, udongo aliukanyaga kwa miguu yake mpaka magoti yakavimba, na mimi nikambebea maji. Alipomaliza kupiga bati la mwisho alikaa kizingitini na kusema, "Hapa nitatolewa kwa jeneza." Nilimwambia asiseme mambo hayo kwenye nyumba mpya. Lakini nilifurahi.

Halafu ziwa likaanza kupanda.

Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama mgeni anayesogeza kiti kidogo kidogo. Kwanza lilichukua migomba ya mwisho. Halafu choo. Halafu asubuhi moja nikakuta samaki mdogo amekaa katikati ya mafiga yangu matatu, hajui ameingia wapi. Nilimkaanga. Lakini siku niliyoogopa ni siku nilipoegemeza kiganja ukutani chumbani kwetu, na kiganja kikatoka na ukuta. Chini tope, juu ufa unaoingiza vidole vinne. Kitanda chetu kilikuwa kimeegemea ukuta ule ule.

Binti yetu ameolewa Kizuka, huko juu kwenye michikichi, wanakamua mawese. Alituma salamu: chumba kiko, kimefagiliwa, njooni. Nikamwambia mzee. Nikamwambia tena. Nikamwambia usiku, mchana, nikamwambia mbele ya mjukuu wetu, ambaye tulikuwa tunakaa naye. Siku ya tatu akatandika mkeka mahali palipobaki pakavu, mlangoni, akasema, "Mama, usinichoshe. Siku nyumba hii ikibomoka yote, nitahama."

Nikafurahi kama mjinga. Si nilikwisha kuona? Si ndivyo tulivyorudi? Nikaanza kukunja nguo.

Alicheza kila siku baada ya chai. Kila siku alikwama. Nilianza kuombea karata, Mungu anisamehe, nikifua naombea, nikichambua ndagala, vile visamaki vya ziwani, naombea. Jirani yangu, mama wa Kikongo anayeuza ndagala sokoni, alipita na godoro lake kichwani na watoto wanne nyuma.

"Mama, siye tunaenda Gatete kwa shemeji. Maji iko naingia mpaka mu chungu. Wewe unangoja nini?"

"Nangoja karata zitoke."

Akasimama na godoro lake. "Karata?"

"Karata za mzee. Zikitoka zote, tunahama."

Akanitazama sana. "Na mimi nilikuwa nasema nimepata shida ya bwana," akasema. "Kumbe wangu anakunywa tu."

Tulicheka mpaka godoro likaanguka kwenye maji, tukasaidiana kulikamua. Alipoondoka, mtaa wetu ulibaki na nyumba mbili zenye moshi.

Sasa nitasema nilivyogundua, na hapa najisifu kidogo, maana mjukuu wangu na hesabu zake hakuona. Mimi ndiye niliyekuwa nakusanya karata mzee anapokwama na kuondoka. Siku moja nikaona kati ya zilizobaki iko saba ya pau. Kesho yake iko saba ya uru. Keshokutwa pau tena. Siku nyingine zinabaki nyingi, siku nyingine zinabaki chache, lakini kati yao haikosekani saba. Nimechambua ndagala maisha yangu yote. Ukimwaga beseni zima mbele yangu, jicho langu linakwenda lenyewe kwa yule asiye na kichwa.

Siku ya mazoezi ya kwaya ya wazee mzee alipokwenda kanisani, nilizimwaga karata kitandani na kuziozesha. Ree kwa malkia, wanne kwa wanne. Mbili kwa askari, wanne kwa wanne. Tatu kwa kumi, sawa. Nne kwa tisa, sawa. Tano kwa nane, sawa. Wafalme wanne pembeni. Halafu saba: nne. Sita: tatu. Nikahesabu tena, maana mwaka wa pili ni mwaka wa pili. Tatu. Sita ya kopa haiko, na saba moja imebaki mjane. Unaweza kucheza mchezo huo mpaka Yesu arudi, saba moja itabaki mkekani.

Nilisema labda imepotea. Nikajicheka. Mume wangu hapotezi kitu. Mtu anayetunza kiatu kimoja tangu ujana wake apoteze karata?

Nilikasirika. Nilitaka kumpikia ugali mbichi wiki nzima. Mwanaume huyu, nikasema, amenifanya nipigie karata magoti wakati ukuta unayeyuka kama sukari. Lakini nilikuwa nimekaa kitandani, na mbele yangu ulikuwa ukuta wenyewe, na kwenye tofali moja, mahali chokaa ilipobanduka, niliona alama ya vidole vyake, vitano, vimeingia kwenye udongo toka siku ile ulipokuwa mbichi. Hasira ikakaa chini kidogo. Nikaelewa. Mtu anayesema hapana anaweza kubembelezwa. Kwa hiyo hakusema hapana. Alisema ndiyo, akaificha sita.

Ningemwambia, angefunika aibu kwa ukali, na ukali wa mzee unaweza kukaa ndani ya nyumba mpaka dari lituangukie sote. Sikumwambia. Nilichukua katoni ya sabuni, nikaipima kwa karata nyingine, nikaikata na kisu cha mihogo. Nikaomba kalamu nyekundu ya mjukuu wangu, nikachora kopa sita, tatu huku, tatu huku.

Akaja kuchungulia. "Bibi, hizi ni kopa au ni nyanya?"

"Ni kopa."

"Zimepondeka."

"Chora wewe basi, profesa."

"Babu atajua tu. Iko nene."

"Namtaka ajue," nikamwambia. Akanitazama, na nilijua amekwisha kupiga hesabu yote mpaka mwisho. Nimesema ni wa kwanza darasani.

Kesho yake baada ya chai mzee alitandika mkeka. Mimi nilikaa na mihogo yangu, namenya, sikuinua macho, lakini masikio yangu yalikuwa mikononi mwake. Alianza kuchanganya. Karata zilitoa ule mlio wake wa siku zote, frrr, halafu zikasimama. Kidole gumba kilikuwa kimefika kwenye katoni. Muhogo niliokuwa nao nimeumenya mpaka umekuwa kama penseli.

Angeweza kuitoa. Angesema, "Hii takataka ni ya nani?" na siku ingekwisha hapo, na mimi nisingekuwa na la kusema, maana ningelazimika kuuliza sita ya kweli iko wapi, na anayejua ni yeye. Ziwa lilikuwa likipiga nyuma ya jiko, taratibu, kama mtu anayefua. Nikasikia tena frrr. Akachanganya muda mrefu kuliko siku zote. Halafu akaweka karata ya kwanza, ile ya juu kabisa ya nyumba.

Ilikuwa katoni yangu. Nyanya sita nyekundu, zimeketi kileleni.

Sijui kama Mungu alizipanga au mzee. Sijauliza mpaka leo. Yeye aliitazama, akainyoosha kwa kidole, akaendelea kujenga: mbili, tatu, nne, mpaka saba. Mjukuu wangu alikuja akachuchumaa karibu.

Akacheza. Siku ile karata zilikuwa zinatembea kama watu wanaokwenda harusini. Wafalme walitoka mapema. Malkia na ree walitafutana. Alipita mkono wa kwanza, fungu la pembeni likawa dogo. Akapita wa pili, likawa dogo zaidi. Kwenye wa tatu zilitoka mbili, na mbili, na mbili, na mimi kisu nilikuwa nimekiweka chini. Mkononi kukawa hakuna kitu. Pembeni hakuna kitu. Mkekani zilibaki mbili peke yake: sita ya katoni pale juu, na saba ya shupaza imeikanyaga pembe.

Sita na saba, kumi na tatu. Mke na mume. Lakini aliyekanyagwa haguswi, hata kama anayemkanyaga ni mwenzake. Ile ni sheria yake, aliyotufundisha kwa ukali. Huyu huyu mjukuu aliwahi kuinua pembe ya karata achungulie tu, na Babu yake alizichanganya zote, akamwambia, "Ukijiibia mwenyewe, jirani utamwacha?" Hakusema naye mpaka chakula kilipoiva.

Alizitazama zile mbili. Alitazama nje, kwenye maji yaliyokuwa yamesimama mahali pa migomba. Akatazama ufa. Mimi hakunitazama. Halafu akanyoosha mkono, akaweka kidole kimoja kwenye saba na kimoja kwenye sita, akazivuta zote mbili kwa pamoja, polepole, kama mtu anayetoa mwiba.

"Nimebomoa," akasema.

"Umeiba," nikasema. Ulimi wangu sijui kwa nini uko hivyo.

"Nimeiba."

"Wewe."

"Mimi. Funga vyombo, Mama, kabla sijahesabu tena."

Tulihama siku ya pili kwa kamioneti ya mkwe wetu, ile ya kubebea ngazi, yale matunda ya michikichi, kwa hiyo kila kitu chetu kilifika Kizuka kikinuka mawese. Nilipokuwa nafunga vitu vyake nilichukua kile kitambaa chenye kiatu. Kilikuwa kimelegea. Ndani ya kiatu, mahali pa vidole, iko sita ya kopa. Nzima, kavu. Kwenye nyumba ile nzima ilikuwa ndiyo karata pekee isiyojua unyevu. Niliirudisha na kufunga kitambaa, nikageuka, na yeye alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi.

"Mara ya kwanza nilikimbia," akasema. "Sikutaka kukimbia tena, Mama. Si na mvi hizi."

Nilimwambia, "Mtu anayekimbia habebi kabati. Nenda ukakae mbele na dereva."

Akaenda. Njia nzima alimwelekeza dereva, ambaye ni mkwe wetu na amezaliwa Kizuka.

Mvua mbili baadaye mkwe alishuka kwenda kung'oa bati. Aliporudi alikula kwanza, halafu akasema ukuta wa chumbani umelala chini. Umelala upande wa ndani, akasema, pale pote, mpaka dirishani. Hakusema kitanda, lakini sote tunajua kilipokuwa. Mzee aliomba chumvi. Usiku ule alinishika mkono mpaka ukafa ganzi, na sikuutoa.

Sasa tunakaa juu. Mkeka ni mkavu, unatandikwa barazani, na ziwa linaonekana huko chini kati ya michikichi, limelala kama ng'ombe asiyekosa chochote. Mzee bado anajenga baada ya chai. Sita ya kweli iko kwenye kiatu, hataki itoke. Anacheza na ile yangu ya katoni, ambayo imekwisha kuwa nyeusi pembeni kwa mafuta ya vidole. Hazitoki mara nyingi. Nilimuuliza siku moja, sasa anaziuliza nini. Akasema, "Naziuliza leo umepika nini. Hazijui."

Nimefika kwenye sheria ya mwisho, na mjukuu wangu amesema niiandike, maana bila hiyo mchezo haujakamilika. Sita ya katoni ikikanyagwa na saba, inaruhusiwa kutoka, wote wawili pamoja. Ni hiyo moja tu. Nyingine zote, hapana. Jana mzee alikwenda kunawa, nikakaa mahali pake, nikajaribu kwa sita ya uru. Alirudi akaona. Akazichanganya zote, na hakusema na mimi mpaka chakula kilipoiva.